Sauti ya Nne Ndani ya Gari Bovu

Ukitaka kujua fundi wa bafle alikuwa mtu wa namna gani, ilikubidi kwanza ukubali kuingia ndani ya gari ambalo haliendi popote. Lilisimama uani kwake juu ya mawe meupe ya chokaa yaliyotoka Kabimba. Halikuwa na injini wala magurudumu, na usukani ulikuwa kulia kwa sababu lilivuka ziwa kutoka Kigoma enzi lilipokuwa bado gari. Kuku walitaga chini yake. Lakini viti vyake vilikuwa vizima, milango yake ilifunga vizuri kuliko mlango wa nyumba yangu, na vioo alivifuta kila asubuhi. Fundi alikufungulia mlango wa kushoto kama unapelekwa arusini, yeye akazunguka, akaketi kwenye usukani, akafunga, akasema, "Sasa nyamaza kidogo." Muziki ukapigwa kwa spika ndogo za mbele na boksi lake la besi lililokuwa nyuma, na ulipokwisha akauliza swali lake.

"Besi iko wapi?"

Ukinyoosha kidole nyuma, kwenye buti, umemharibia siku. Angelitoa boksi, angelirudisha karakanani, na sisi majirani tungesikia msumeno mpaka jua lishuke. Alitaka uonyeshe mbele, pale kwenye kioo, mahali ambapo mwimbaji mwenyewe anasikika kana kwamba amesimama.

"Muntu anaimba mbele yako," alikuwa akisema. "Sasa kifua yake itakaa nyuma yako namna gani? Ulishaona muntu wa vile?"

Sikuwahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Bafle kwetu Kalemie ni spika pamoja na boksi lake. Spika zenyewe zilivuka ziwa zimekwisha kutengenezwa. Kazi ya fundi huyu ilikuwa boksi tu, na hasa boksi la besi linalowekwa nyuma ya gari, lile linalofanya teksi ipite barabarani na sahani zitetemeke kabatini. Wengine waliotengeneza maboksi hayo walipigilia mbao nne na kifuniko, wakakata tundu, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Yeye boksi moja lilimchukua muda mrefu hata wateja wengine walikwenda, wakarudi, wakagomba, wakazoea.

Mimi ni mshonaji. Nilikaa jirani naye miaka mingi, kati yetu ukuta wa matete tu, na niseme mapema: mimi sipendi muziki. Sijui kwa nini watu hunitazama kama mgonjwa nikisema hivyo. Katika mtaa wetu wa chini, karibu na ziwa, palikuwa na kanisa la maombi upande mmoja, baa upande wa pili, na kinu cha kusaga mahindi katikati. Umeme wa kituo cha Bendera ukirudi tu, vyote vitatu viliamka pamoja. Ndiyo sababu siku nilipoona spika kubwa inashushwa uani kwa jirani yangu mpya, nilivaa viatu nikaenda kugomba kabla haijatoa sauti.

"Papa," nikamwambia, "hapa makelele tuko nayo ya kutosha."

Hakukasirika. Alifungua mlango wa lile gari. "Kuya ukae humu, Mama. Utagomba kisha."

Nikakaa. Akafunga. Kanisa likapotea, baa ikapotea, kinu kikawa kitu cha mtaa mwingine. Hakupiga chochote. Aliniacha tu nikae, na nilishangaa kusikia pumzi yangu mwenyewe, kitu ambacho nyumbani kwangu sikuwa nimekisikia tangu nihamie.

"Hii njo ya kwanza," akasema. "Kimya. Besi inakuja kisha."

Tangu siku hiyo aliniita kila boksi lilipokuwa tayari, akanikalisha kiti cha kushoto. Nilimwuliza kwa nini mimi, wakati mtaa mzima umejaa vijana wanaojua kila wimbo. Akasema wale wanaopenda muziki husikia wanachokipenda, na mimi nisiyependa nitasikia kilichopo. Hilo sikuliona kuwa sifa, lakini niliendelea kwenda. Kile kiti kilikuwa mahali pekee ambapo niliweza kukaa bila mtu kuniletea suruali ya kupunguza.

Haikupita muda nikajua kwamba maboksi yale hakuyatengeneza kwa ajili ya wateja. Yeye na kijana wake wa kumzaa waliwahi kuimba katika kwaya ya parokia, wote wawili sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Kisha kijana akaenda Manono kuchimba mawe, kama walivyokwenda wenzake, na kilichorudi ni habari. Habari yenyewe ilifika mtoto ameshazikwa. Kilichobaki cha sauti yake ni wimbo mmoja, ambao mtu aliurekodi kwa simu siku ya sikukuu, simu ikiwa imewekwa juu ya benchi upande wa wanaume. Ukiupiga kwenye simu unawasikia akina mama vizuri, sauti ya tatu unaisikia kwa shida, na sauti ya nne haipo. Ukiupiga kwenye bafle za baa, sauti ya nne ipo, lakini imekuwa mvumo mmoja tu, huwezi kusema ni mtu au ni kinu. Fundi alitaka boksi moja ambalo ndani yake angeweza kumtambua mtoto wake. Hakutaka kingine. Maboksi mengine yote, mimi niliyeyavika zulia la nje kwa mikono yangu naweza kusema, yalikuwa mazoezi.

Kwa hiyo alichukia tundu la hewa, lile linalokatwa kando ya spika. Boksi lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi, hilo alilikubali bila ubishi. Lakini tundu likikosewa, boksi huchagua noti moja linayoipenda, na kila noti ya chini inayopita huivuta iwe hiyo hiyo. "Boksi ya vile inaimba yenyewe," alisema. "Mimi sikuita boksi iimbe." Ya kwake aliyaziba pande zote. Gundi aliipaka mara mbili kwenye kila kiungo, akaiacha ikauke hata kama mwenye gari amesimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Kisha alipiga noti moja ya chini, akawasha mshumaa, akaupitisha taratibu kando ya kila kona. Mwali ukiinama, hapo hewa inatoka, na boksi linarudi mezani.

Kila spika, alinieleza, inataka hewa yake. Ukiinyima inakohoa, ukiizidishia inalegea. Lakini buti za magari haziko mraba, kuna vifuniko vya magurudumu vinavyoingia ndani, kwa hiyo maboksi yake yalikuwa na pembe za ajabu ambazo hakuna mtu angeweza kuzipima kwa futi. Yeye aliyajaza mahindi makavu. Alichota kwa kopo la sokoni, akamimina, akachota tena, akatoa sehemu itakayoliwa na spika yenyewe na mbao za kukaza ndani, akakata, akajaza upya. Akina mama wa soko la mahindi walidhani ana familia kubwa. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa huruma, "Ule papa iko na batoto wangapi?" Nikamwambia hana hata mmoja wa kula, na sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Mahindi hayo yalimletea balaa siku moja. Mwenye teksi alirudi akasema boksi lake lina ugonjwa, linagonga tik, tik, kila besi ikiingia. Punje moja ya mahindi ilikuwa imejificha kwenye kona wakati wa kupima, na yeye akaziba juu yake. Mtu mwingine angefungua spika, angelitikisa boksi, na punje ikikataa angeiacha humo. Yeye alijaribu, punje ikagoma, imenasa nyuma ya mbao ya kukaza. Basi akalivunja boksi zima lililokwisha kugundishwa, likiwa tayari limevikwa zulia langu, akaitoa punje ile kwa vidole viwili, akamtupia jogoo. Nilimwambia maneno siku hiyo. Zulia si karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina zulia jingine la rangi ileile.

Ndani ya boksi alitandika vipande vya nguo nilivyombakizia. Alivitaka vya pamba tu. Ukimpa nailoni alivitoa kimoja kimoja na kuvirudisha juu ya ukuta wa matete, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Pamba hupunguza mbio za hewa, alisema, na boksi dogo linajiona kubwa. Kama malipo ya vipande hivyo alinichongea meza ya kukatia nguo, nzito, isiyotetemeka hata cherehani ikiwa juu yake. Alipoileta aliigonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akaibeba tena kwenda nayo kwake, akaikaza ndipo akairudisha. Eti ilikuwa inajibu. Meza ya kukatia nguo.

Hiyo ilikuwa tabia yake kubwa, kugonga. Aligonga kila mbao aliyoipita: milango ya watu, mitumbwi iliyopinduliwa ufukweni, mimbari ya kanisa mbele ya katekista. Mbao ikiita aliitikisia kichwa kwa masikitiko. Isipoita aliiwekea kiganja kidogo. Watu walimcheka, lakini walimpenda kwa mbali, jinsi watu wanavyompenda mtu ambaye hawataki kukaa naye mchana mzima.

Wateja wake walikuwa wa aina moja: walitaka kusikika kabla hawajafika. Mmoja, dereva aliyeendesha kati ya mjini na uwanja wa ndege, alichukua boksi lake asubuhi na jioni akalirudisha kwa hasira. Alisema amedanganywa, besi haimo. Fundi hakubishana. Aliingia kwenye gari la yule dereva, akampigia wimbo aliouchagua mwenyewe, na katikati ya wimbo akanyoosha mkono nyuma akachomoa waya wa boksi. Wimbo uliendelea, lakini ulikuwa umekonda, umekuwa wimbo wa redio ya mlinzi. Fundi akarudisha waya.

"Sasa unaisikia?"

"Ninaisikia, Papa."

"Ilikuwa humu saa yote. Weye ulikuwa unangojea ikupige."

Dereva aliondoka nalo. Wiki iliyofuata nilimwona akipita barabarani na lile boksi limetobolewa tundu kubwa kwa patasi, kwa mkono wake mwenyewe, gari zima likinguruma noti moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Alikuwa na furaha sana. Sikumwambia fundi, lakini alisikia mwenyewe, maana mji mzima ulisikia. Alisimamisha randa, akasubiri gari lipite, akaendelea.

Niseme pia mambo yake yasiyoeleweka, maana alikuwa nayo. Mtu huyu aliyetaka kila sauti ijitenge na mwenzake, yeye mwenyewe alinong'ona, na maneno yake nusu yaliingia kwenye ndevu. Mbao aliwapa watu bure, mbao nzima, lakini penseli yake hakumwazima yeyote. Alitafuta kimya mchana kutwa na jioni akaongea na kuku. Na hakuwahi kula ameketi. Nilimwona kupitia matete, sahani ya bugali mkono mmoja, anazunguka ua, anakula akitembea. Siku moja nilimwuliza kama miguu haichoki.

"Meza ya muntu moja ni kubwa sana, Mama jirani," akasema.

Meza yenyewe ilikuwa ndogo. Niliiona. Iliwekewa viti vitatu.

Alikuwa na mke. Mwanzoni alikuwepo, mama mtulivu mwenye mgongo ulionyooka. Lakini kila fundi alipomaliza boksi aliupiga ule wimbo wa kwaya, kwanza yeye peke yake, baadaye na mimi, na milango ya gari ikifunguliwa mabaki ya wimbo yalitoka yakaingia jikoni. Mkewe alivumilia mpaka akashindwa. Siku alipokwenda kwa dada yake Kabalo alinipitia kuniaga, mfuko mmoja begani.

"Ananitafutia mutoto mu mbao," akaniambia. "Mimi nilishamuzika, Mama. Siwezi kumuzika kila jioni."

Hakurudi. Sikuwahi kumsikia fundi akimlaumu. Alimpelekea salamu kwa kila mtu aliyepanda treni, na kila mtu aliyeshuka treni alimwuliza kama ameleta jibu.

Habari ya kwaya nilisimuliwa na wazee wa parokia, si yeye. Walisema alikuwa na sauti kubwa lakini kifua kifupi, vumbi la mbao lilikuwa limekwisha kukaa humo. Kila wimbo wenye noti ndefu mwishoni ulimwacha njiani. Wenzake wanashikilia, yeye pumzi imekwisha, anafunga mdomo na kutazama chini huku masikio yakiwaka. Walimtania, "Papa Fundi ameshafika nyumbani, sisi tungali njiani." Naye alicheka pamoja nao. Baada ya kijana kufariki hakuimba tena. Alikaa karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ulimkuta ameshatoka nje.

Hata ule wimbo wa kwenye simu hakuumaliza. Mwishoni mwake kuna Amina ndefu, sauti zote nne zinaishikilia, na hapo ndipo maboksi yake yote yalipomwangusha, maana noti ndefu ya chini ndiyo inayolifichua boksi baya. Kila mara aliukata wimbo kabla. "Pale hakuna kitu," alisema, "pale ni kuvuma tu." Kisha alishuka garini, akasimama uani akiwa ameshika kiuno, na mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikijua kwamba kesho msumeno utaamka tena. Sikuwahi kumwambia aache. Nilifikiri akiacha hatakuwa na la kufanya na mikono yake, na mtu asiye na la kufanya na mikono yake katika nyumba yenye viti vitatu, mimi namwogopea.

Kisha ziwa lilipanda. Wanaoishi mtaa wa chini wanajua namna lilivyofanya, bila haraka, bila dhoruba, leo limefika kwenye ngazi, kesho limo jikoni. Kanisa la maombi lilianguka ukuta mmoja, kinu kikahamishwa, mwenye baa akabeba friji zake akaenda. Mimi nilipanda juu kilimani na cherehani na watu wangu. Meza ilikuwa nzito mno. Fundi akasema nimwachie, ataitunza. Nilimwuliza yeye anakwenda wapi. Alionyesha gari. Alikuwa ameliongezea mawe chini.

Kule juu nilipata wateja wapya na majirani wapya, na bafle zao. Nilisikia habari zake kwa vipande: kwamba maji yamemharibia mbao, zile za triplex, za tabaka tabaka, zimevimba na kufunguka, kwamba analala ndani ya gari na kuku juu ya paa, kwamba wateja hawashuki tena kule kwenye tope. Nilijiambia kila juma kwamba nitashuka. Cherehani ina njia zake za kumshika mtu.

Nilishuka maji yalipokuwa yamerudi nyuma, siku ya mvua, mchana. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Sikumbuki kama nimewahi kutembea Kalemie nikasikia matone kiasi kile. Mtaa wetu ulikuwa matope na kuta nusu, milango imefungwa kwa waya, hapana mtoto, hapana redio. Kimya alichokitafuta kwa miaka kilikuwa kimemjia hadi uani, na kilikuwa kimewachukua watu wote. Niliona uchungu, nasema kama ulivyokuwa. Nilitamani hata kile kinu.

Alikuwa karakanani, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Meza yangu ilikuwa pale pale, imeinuliwa juu ya mawe kama gari, kavu. Aliigonga kwanza mbele yangu ili nijue kwamba haijibu.

"Nilijua utakuya siku ya kimya," akasema. "Kuya ukae."

Boksi lilikuwa dogo kuliko yote niliyowahi kuyaona. Alisema mbao nzima ilibaki moja tu, ile aliyokuwa akilalia kwenye viti vya nyuma, ndiyo iliyookoka maji. Halikuwa na zulia. Aliomba radhi kwa hilo, eti mimi nilikuwa mbali. Ndani aliweka vipande vyangu vya pamba vya zamani, alivyokuwa amevikausha juani kimoja kimoja.

Niliingia kushoto, yeye kulia. Tukafunga. Betri ilikuwa na nguvu kidogo, kwa hiyo sauti aliiweka chini, chini kuliko mtu anavyoongea. Mvua ilipiga paa, tukaingoja ipungue. Kisha akaupiga ule wimbo.

Mimi sipendi muziki, nimesema. Lakini niliujua wimbo ule kama ninavyojua pindo, na siku hiyo ulikuwa na watu ndani yake. Akina mama walisimama kushoto kwangu, karibu na mlango. Sauti ya tatu ilikuwa katikati. Na chini yao, upande wa kulia, juu ya kioo kilichojaa matone, hapakuwa na mvumo tena. Palikuwa na mtu. Aliimba kwa kifua chote, kila noti ilishuka na kupanda na kukaa mahali pake, na mwanzoni mwa kila mstari uliweza kumsikia akivuta hewa.

Sikungoja swali. "Iko mbele, Papa Fundi."

Nilimgeukia nikaona ameshika usukani kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepata alichokitafuta.

"Haiko yeye," akasema. "Njo mimi."

Nikasikiliza tena, na kweli alikuwa fundi mwenyewe. Ile namna ya kumeza neno, ile pumzi fupi yenye mkwaruzo, nilikuwa nimeisikia kupitia matete miaka yote. Walisimama pamoja siku ile, baba na mtoto, na simu ilikuwa juu ya benchi mbele yao, na baba ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

"Nilikuwa ninamufunika," akasema. "Miaka yote hii ninajitafuta mimi mwenyewe."

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Akanyoosha mkono aukate, pale pale alipozoea kuukata. Sijui ni nini kilichonikumbusha wale wazee wa parokia na kicheko chao. Niliushika mkono wake. Hatukuwahi kushikana mikono, mimi naye, hata kwa salamu za sikukuu.

"Acha imalize," nikamwambia. "Weye, pumzi yako haikukuwa inafikaka mwisho."

Amina ikaanza. Akina mama wakaishika, sauti ya tatu ikaishika, na yule mtu wa kulia akaishika kwa nguvu zake zote, ikaenda, ikaenda, kisha ikatetemeka, na mkwaruzo ukaingia, na pumzi ikakatika. Nilisikia kabisa mdomo unafungwa.

Na noti ile haikwisha. Chini ya mahali alipokuwa baba palibaki sauti nyingine, nyembamba kidogo, laini, isiyo na haraka, ambayo ilikuwepo saa yote. Ilikaa peke yake pale kulia ikashikilia mpaka kwaya nzima iliponyamaza, na ikanyamaza ya mwisho.

Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu. Mvua ilikuwa imeacha.

"Nimuambie Mama kule Kabalo?" nikamwuliza.

"Utamuambia," akasema. "Lakini kwanza niache nikae na mutoto kidogo. Mulango uufunge muzuri, Mama. Usiupige."

Nilishuka, nikaufunga taratibu mpaka ukashika. Uani sikusikia chochote zaidi ya kuku wakijikung'uta maji. Nilipofika penye ukuta wa matete, au pale ulipokuwa zamani, niligeuka. Kupitia kioo nilimwona ameinama mbele kwenye usukani, macho wazi, mdomo umefungwa. Wimbo ulikuwa umeanza upya, nilijua kwa kidole chake kilichopiga taratibu kwenye usukani, na yeye alikuwa akingojea pumzi yake ya zamani iishe.